Usukani wa Land Rover ya zamani: nilinunua boksi kumbe langu lilikuwa zima

Land Rover yangu ni Series III ya mwaka 1974, ile ndefu ya 109. Mjomba aliitumia kubebea kahawa na ndizi Kibosho mpaka macho yakamshinda, akanikabidhi funguo na kuniambia, "Ukitaka iende, usiiache isimame." Mimi nikaenda mbali zaidi ya hapo. Nikatoa injini yake ya petroli ya lita 2.25, nikaweka ya dizeli ya Toyota, ile inayoitwa 3L. Nikavisha matairi mapana na rimu zilizotokeza nje, na bodi la nyuma nikalisuka upya liwe la kulala porini. Watu wakaja kupiga nayo picha. Ila kwenye barabara iliyonyooka ilitaka mikono miwili na dua.

Kama nawe una gari la zamani ulilolichokonoa mwenyewe, huenda umeshapita hapa. Unazungusha usukani kama robo mzunguko, tairi hazina habari. Lori likikupita kati ya Boma Ng'ombe na uwanja wa ndege wa KIA, gari linajisogeza lenyewe pembeni. Ukifika kilomita 60 kwa saa ukakanyaga kashimo, tairi za mbele zinaanza kutikisika kama mtu mwenye homa na hazitulii mpaka upunguze mwendo.

Fundi wa kwanza niliyempelekea hakulala chini hata dakika moja. Aliushika usukani, akautikisa, akasema, "Boksi la gia za usukani limekufa, bosi. Tafuta jingine." Nikatafuta. Baada ya wiki tatu za simu likapatikana boksi la mtumba, limetolewa kwenye gari lililooza huko Babati, laki nne na nusu bila usafiri. Tukalifunga. Mchezo, yaani ule mzunguko wa bure wa usukani, ukapungua kwa upana wa vidole viwili. Yule fundi akanituliza kwamba magari ya Waingereza ndivyo yalivyo.

Nikakaa na jibu hilo miezi kadhaa, mpaka rafiki akanipeleka kwa mzee mmoja pale Unga Limited, Arusha, aliyeanza kufungua Land Rover nikiwa sijazaliwa. Hakugusa spana. Alimwambia kijana wake apande akae kwenye usukani, yeye akatandika boksi la karatasi akaingia chini na sigara yake haijawashwa mdomoni.

Alichofanya ndicho nataka ukishike, hata kama mengine yote utayaruka. Gari likae chini kwa tairi zake, lisiwe kwenye jeki, na injini izimwe. Mtu autikise usukani kushoto na kulia taratibu, kiasi cha ule mchezo tu, bila kulazimisha tairi zigeuke. Wewe chini unaweka kiganja kwenye kiungo, nusu kikigusa rodi, nusu kikigusa amu, ule mkono wa chuma ilikofungwa rodi. Kiungo kizima, pande zote mbili zinakwenda pamoja. Kilichokwisha, upande mmoja unaanza safari mwingine ukiwa bado umelala, na kiganja kinausikia ule mgongano mdogo kabla jicho halijauona. Unahama kiungo hadi kiungo, kuanzia kwenye boksi mpaka kwenye gurudumu. Nusu saa, bila senti moja.

Kwenye Series njia yenyewe ni ndefu. Boksi linasukuma amu yake, amu inasukuma rodi inayokwenda mbele sambamba na chesisi, na rodi hiyo inaishia kwenye kitu kinaitwa rilei, kimesimama wima ndani ya chesisi mbele kabisa, karibu na rejeta. Rilei ina amu juu na amu chini. Kutoka ile ya chini, rodi ya pili inakwenda kwenye gurudumu, na rodi ya tatu, ndefu, inaunganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Rodi tatu, kila moja na boljointi mbili, vile viungo vya kwenye ncha zake. Zikiwa sita, kila moja imelika kidogo tu, kidogo ambacho peke yake hakuna fundi angekihesabu, unapata ile robo mzunguko yangu. Na bado hujagusa rilei, kingpini (pini ambazo gurudumu linageukia) wala beringi za magurudumu.

Mzee alitoka chini, akafuta mikono kwenye kaptura.

"Boksi hili umelinunua lini?"

"Miezi minne hivi, mzee."

"La kwake liko wapi?"

"Lipo nyumbani."

"Lirudishe."

Boljointi tatu zilikuwa zimekwisha. Bolti inayobana amu ya juu ya rilei ilikuwa imelegea, kwa hiyo meno ya amu yalikuwa yanacheza kwenye shafti. Rilei yenyewe ilikuwa kavu. Na lile boksi la Babati, mtu alishalibana skrubu ya pembeni kupita kiasi ili lionekane zima, ndiyo maana baada ya kona usukani ulikuwa haurudi wenyewe. Skrubu ile inarekebishwa magurudumu yakiwa yamenyooka, unabana mpaka mchezo uishe hapo katikati, basi. Ukizidisha, unasaga boksi.

Sasa rilei. Nitakaa hapa kidogo kwa sababu nimekutana na watu wenye Land Rover miaka kumi na tano hawajui kama wanayo. Ndani yake kuna shafti, na juu na chini ya shafti kuna bushi za Tufnol, yaani kitambaa kilichogandishwa na gundi mpaka kikawa kigumu kama mbao. Bushi hizo zimepasuliwa, na katikati yake kuna springi nene inayozisukuma zibane kwenye koni za shafti. Ule mbano una kazi: unaipa rilei uzito wa kuzunguka, na uzito huo ndio unaomeza mtikisiko wa tairi usipande mpaka mikononi. Ndiyo maana Series nyingi zilitoka kiwandani hazina shokapu ya usukani. Rilei ndiyo ilikuwa shokapu.

Ikikauka, maji yakaingia, bushi zikalika, tairi zinaanza ile homa. Hapo ndipo mtu anakuja kukuuzia shokapu ya usukani. Mimi niliuziwa. Mtikisiko ulitulia karibu mwaka mzima, na mwaka huo wote boljointi ziliendelea kulika mimi nikisifia shokapu.

Kuijua rilei kama bado ina uhai, fungua rodi zake, shika amu uizungushe kwa mkono. Inatakiwa iwe nzito, na uzito uwe uleule kutoka mwanzo hadi mwisho. Ikienda kwa kidole kimoja, imekwisha. Ikikwama kisha ikaruka, ina kutu. Kabla ya kuivunja, ijaribu kwa oili: juu yake kuna bolti ndogo, fungua moja ya kujazia na legeza nyingine hewa itoke, tia oili ya gia ya EP90. Inakunywa kwa madaha. Mimi natumia sirinji kubwa ya mifugo, najaza, naenda kunywa chai, narudi najaza tena. Kuna rilei zilizofufuka kwa chupa moja tu ya oili. Yangu haikufufuka.

Kuitoa ni kazi ya kukufanya uchukie gari. Imekaa ndani ya chuma cha chesisi miaka hamsini, kutu imewafunga ndoa. Tulitoa rejeta na fremu yake, tukamwagia dizeli asubuhi na jioni siku nne, siku ya tano ndiyo ikakubali kwa jeki na nyundo. Halafu, tafadhali, kusikia ni bora kuliko kuona: usiifungue rilei mezani kama unavyofungua pampu. Ile springi imebanwa kwa nguvu ya kumvunja mtu taya. Mzee aliitia kwenye gunia la mkonge, akafunga mdomo kwa kamba, akaifungulia humo humo akigonga shafti kwa nje. Kilitoka kishindo, gunia likaruka kama lina kuku ndani. Kijana wake akacheka. Mzee hakucheka.

Bushi za Tufnol usiende kumwomba fundi wa mashine ya kukereza akuchongee za nailoni. Nailoni inateleza, na wewe unataka msuguano. Bushi mpya na sili zinapatikana kwa kuagiza Uingereza, ni nyepesi, na mtu anayesafiri anaweza kukubebea kwenye begi. Rilei nzima nayo ipo ila ni mzigo, na ukishalipia usafiri na ushuru utaanza kuipenda ile ya zamani. Shafti ikiwa haijachimbika, badili bushi na sili, irudi kazini.

Boljointi ni habari nyepesi zaidi, lakini nazo zilinipotezea safari ya Dar es Salaam. Kila rodi ina boljointi moja yenye nyuzi za kulia na moja yenye nyuzi za kushoto, ili ukizungusha rodi irefuke au ifupike bila kufungua kitu. Kwa hiyo gari zima linataka tatu za kulia na tatu za kushoto. Mimi nilifika Kariakoo, mitaa ya Gerezani, nikasema, "Nipe sita za Land Rover." Nikapewa sita, nikalipa, nikapanda basi. Arusha tukafungua pakiti: sita zote za kulia. Muuzaji kwenye simu akaniuliza kama sikuona nilipokuwa nachukua. Sikuona. Namba ni RTC5869 kwa ya kulia na RTC5870 kwa ya kushoto. Ziandike kwenye karatasi, mwonyeshe muuzaji karatasi, na bado zijaribu dukani kwa nati.

Habari njema kwa sisi wenye magari ya miaka hiyo ni kwamba namba hizo hizo ziliendelea kutumika kwenye Defender, Land Rover iliyokuja baada ya Series. Kwa hiyo usiulize spea za Series, maana muuzaji atakuangalia kama umeleta mkokoteni. Uliza boljointi za Defender. Arusha, ambako kampuni za utalii bado zina Defender, zipo. Nairobi zipo Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee bado wanaiita Grogan. Kenya ilikuwa ikiunganisha Land Rover Thika, na maarifa ya spea zake hayajafa mtaani. Tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha Oktoba 2024 lilinipa namba za simu nyingi kuliko miaka mitatu ya kutafuta peke yangu. Ukisikia mkusanyiko wa namna hiyo, nenda na daftari, picha utapiga baadaye.

Kuhusu orijino na feki: pakiti zake zinaigizwa, kwa hiyo mimi siamini pakiti, naamini mkono. Shika pini ya boljointi mpya, izungushe. Inatakiwa ikatae kidogo, iende kwa uzito. Ikilala yenyewe ukiiachia, hiyo imezeeka kabla ya kuzaliwa. Bonyeza mpira wake kwa ukucha. Mpira mbaya unabaki na alama. Kisha nenda na kalamu ya maka. Paka wino kwenye koni ya pini, ingiza kwenye jicho la amu yako, zungusha kidogo, toa. Wino ukifutika pande zote, koni imekaa. Ukifutika mstari mmoja tu juu au chini, ama boljointi si yenyewe au jicho la amu limeshalika, na hapo hata ukibana kwa spana ya mita mbili itakuja kulegea. Nimewahi kulipa zaidi kwa za chapa ya Lemförder, na sikujuta.

Mtumba? Amu, boksi na rodi nyoofu, nanunua. Boljointi ya mtumba sinunui hata kwa bei ya soda.

Kutoa boljointi ya zamani usiipige kwa chini kwenye nyuzi, utaponda pini. Legeza nati ibaki imeshika nyuzi chache, weka nyundo nzito upande mmoja wa jicho la amu, piga upande wa pili kwa nyundo nyingine. Mapigo mawili matatu ya maana, koni inaachia kwa mlio mkavu ambao ukishausikia mara moja hutausahau. Ukirudisha, kotapini, ile pini ya kuzuia nati isilegee, iwe mpya. Najua ni waya tu. Iwe mpya.

Nije kwenye dhambi yangu kubwa. Tulipoweka injini ya Toyota, mkono wa maunti, kile kinachoshikilia injini kwenye chesisi, uliangukia palepale inapopita ile rodi ya kutoka kwenye boksi kwenda rilei. Ukikata kona ya kulia mpaka mwisho, inagusa. Fundi wa gereji iliyofunga injini alisema ni jambo dogo, akawasha gesi, akaichoma rodi ikawa nyekundu, akaipinda kama upinde, akaipoza kwa maji. Ikapita bila kugusa, mimi nikamsifu. Mzee wa Unga Limited alipoiona alinyamaza kwanza. Halafu akamwambia kijana atikise usukani, akanivuta nilale chini nione mwenyewe. Rodi ilikuwa inajikunja na kujinyoosha. Iliyonyooka inasukuma, iliyopindwa inafanya kazi ya springi, kila unaposukuma inameza kidogo ndipo ipeleke kilichobaki. Na chuma kilichochomwa na kupozwa kwa maji hakina ahadi tena, kinaweza kukatika bila kukuaga. Nilikuwa nimeteremka nayo Mto wa Mbu na familia yangu ndani.

Kilichotakiwa kuhama ni maunti. Tulikata mkono wake, tukausogeza nyuma, tukauchomelea upya, na rodi nyoofu ikapita na nafasi ya kidole gumba. Kwenye gari la kuchokonoa, kila kitu kinaweza kuchomelewa isipokuwa kinachoshika usukani na kinachoshika breki. Ukiambiwa na fundi kwamba "nitaiunga tu hapa", mshukuru, chukua funguo zako.

Rimu zilizotokeza nje nazo nilizirudisha, kwa shingo upande, maana zilikuwa zinapendeza. Kadiri tairi inavyosogea nje ndivyo kila shimo linavyopata mkono mrefu wa kuvutia boljointi na kingpini. Sasa natumia 7.50-16, saizi yake ya zamani. Haipigwi picha sana, lakini inakwenda.

Ukishabadili viungo lazima upime upya mwelekeo wa magurudumu, na hapa nilipigwa tena. Sehemu moja ya alaimenti, kijana mwenye kompyuta alichagua Defender kwa sababu Series haikuwamo. Defender ya springi za koili magurudumu yake ya mbele yanafunguka kidogo kwa mbele; Series inatakiwa yafumbe, milimita 1.2 hadi 2.4. Nikatoka pale na karatasi yenye rangi nzuri na gari linalozurura kama mbuzi. Tangu hapo napima mwenyewe kwa fimbo ya mwanzi. Chora alama ya chaki katikati ya tairi zote mbili kwa nyuma, usawa wa katikati ya gurudumu, pima. Sukuma gari mpaka alama zilezile zije mbele usawa uleule, pima tena. Mbele pawe padogo kwa milimita mbili hivi. Legeza vibano vya ile rodi ndefu, izungushe, bana, sukuma gari nyuma na mbele, pima upya. Nikimaliza huwa napima mara ya tatu, kwa sababu sijiamini.

Na kama baada ya yote hayo bado kuna kinachocheza, nyanyua gurudumu kwa jeki, lishike juu na chini, litikise. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki, ulitikise tena. Mchezo ukipotea, ni beringi ya gurudumu. Ukibaki, ni kingpini, na hiyo ni Jumamosi nyingine.

Matunzo yenyewe ni machache. Kila mvua zikiisha nafunua mipira ya boljointi, nafuta tope, natia grisi, uliopasuka nabadili. Mpira ni bei ya chapati, boljointi si bei ya chapati. Naangalia oili ya boksi, ya rilei na ya vikombe vya kingpini, zote EP90. Nakaza bolti za amu za rilei, zile mbili ambazo hakuna anayezikumbuka. Kisha namwita binti yangu akae kwenye usukani. Ana miaka tisa na anajua kutikisa kiasi cha mchezo tu, kuliko mafundi wengi niliowalipa.

Boksi la Babati bado liko stoo, limefungwa kwenye gunia lile lile la rilei. Wiki iliyopita kijana mmoja wa Karatu alinipigia, amesikia ninalo, fundi wake amemwambia boksi lake limekufa, yuko tayari kunirudishia pesa yangu yote. Nimemwambia atafute mtu wa kumtikisia usukani, alale chini na kiganja chake, halafu anipigie tena. Hajapiga.